Kumuiga fundi si sawa na kumfuta jina

Ndugu Mhariri,

Mteja mmoja alipiga picha kikapu cha shangazi yangu hapa Iringa, akaiingiza kwenye programu ya akili mnemba, kisha akaniletea "ubunifu wake mpya" nimsukie. Mistari ya zambarau ilikuwa ile ile, hata ule ukingo anaoukunja mara mbili. Niliumia sana.

Kuiga si kosa. Mimi mwenyewe nilijifunza kusuka nyasi za milulu kwa kutazama vidole vya shangazi. Wanafunzi wa mchoraji Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, nao walimuiga, ila mtindo ule unaitwa kwa jina lake hadi leo. Programu haimtaji mtu. Basi anayeitumia ataje kazi ya nani aliiingiza, na akiuza, amgawie mwenyewe chake.

Msusi wa vikapu,
Iringa