Baraza zilizonyamaza mwaka 2020

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nikumbushe jinsi maisha ya Mombasa yalivyobadilika katika majuma machache tu baada ya Serikali kutangaza, tarehe 13 Machi 2020, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya.

Kilichotangulia kutoweka ni mkono. Sisi watu wa Pwani, tusiojua kumpita mzee bila kumshika mkono na kumuuliza habari za nyumbani, tulianza kugusana viwiko, jambo ambalo, nakiri, mpaka leo naliona la aibu. Matatu ya abiria 14 ikabeba 8, na nauli ikapanda.

Kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, iliyoanza tarehe 27 Machi, ndiyo iliyotuvunja zaidi, kwa kuwa mji huu huishi usiku. Muuza kahawa, ambaye mlio wa vikombe vyake ndio uliokuwa ukituita barazani baada ya Isha, hakuwa tena na saa ya kuuza. Ramadhani ilipoingia mwezi uliofuata, misikiti ilikuwa imefungwa. Tarawehe tukaisali sebuleni, mjukuu wangu akiadhini kando ya jokofu, na sahani ya futari ya jirani, ambayo miaka yote ilivuka ua bila kuulizwa, ikabaki kwao.

Nashauri makumbusho na shule zetu zikusanye kumbukumbu hizi mapema. Barakoa tulizoshona kwa vipande vya leso bado zimo makabatini mwetu.

Wasalaam,
Msomaji wako, Mji wa Kale, Mombasa