Mwanahisabati hapimwi kwa nukuu

Bwana Mhariri,

Nasoma gazeti lenu tangu nikiwa mwanafunzi na sijawahi kuwaandikia. Lile jedwali la maprofesa wa Lubumbashi, mlilowapanga kwa idadi ya mara makala zao zinanukuliwa na watafiti wengine, limenishinda kunyamazia. Mzee wetu wa hisabati mmemtupa mkiani na kuandika kwamba utafiti wake wa maisha yote haukuacha alama. Wanafunzi wake wanafundisha shule za mji huu, kuanzia Katuba hadi Ruashi. Mlitaka alama gani?

Mwandishi wenu ametumia faharasa ya h, aliyoipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, faharasa yako ni 10. Basi mwenye makala 3 havuki 3, hata dunia nzima ikimnukuu. Mwanahisabati wa Urusi Grigori Perelman alimaliza swali la Poincaré, lililowashinda watu tangu 1904, kwa makala 3 alizoziweka arXiv, hifadhi ya wazi ya makala mtandaoni, mwaka 2002 na 2003, wala hakuzipeleka kwenye jarida lolote. Kwa kazi hiyo mngempa 3. Mwanahisabati mwingine, Yitang Zhang, alikuwa anakaribia miaka 60, na makala zake zinahesabika kwa vidole, alipothibitisha mwaka 2013 kwamba jozi za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70 hazina mwisho. Mwaka uliotangulia mngemweka wapi?

Hisabati inakwenda polepole. Makala inaandikwa na mtu mmoja au wawili, inakaa kwa wasomaji wanaoikagua kwa niaba ya jarida miezi mingi, na nukuu zake nyingi zinakuja miaka baadaye. Umoja wa Kimataifa wa Hisabati ulionya mwaka 2008 kuhusu kuwapima watu kwa namba hizi. Mwaka 2023 Clarivate, wenye orodha ya watafiti wanaonukuliwa zaidi duniani, waliiondoa hisabati kwenye orodha yao, kwa sababu uwanja ni mdogo na wachache wakinukuliana kwa makusudi wanaipotosha. Wenye orodha wenyewe waliinua mikono mwaka ule, nyinyi mnang'ang'ania nini?

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilipeleka dosye yangu kwenye komite ya kupandisha daraja, chuo nisichokitaja. Ilikuwa alasiri, umeme umekatika, katibu akawasha tochi ya simu akamulika karatasi zangu. Nilidhani anasoma. Alikuwa anatafuta namba. Alipoiona akaizungushia kalamu ya bic nyekundu, ile 2 ya faharasa yangu, akainua macho: "Papa, ni mbili tu?" Kurasa za uthibitisho, kazi iliyonila miaka, hakuzifunua, pini ya stepla ilibaki kama nilivyoibana. Hakuna mtu katika chumba kile aliyeniuliza nimethibitisha nini! Dosye iliyofuata, ya mtu mwingine, ilikuwa nene, imejaa makala za majarida yale yanayokujibu ndani ya siku chache kwamba umekubaliwa, tuma dola. Hiyo ilipita. Na hizo dola, Bwana Mhariri, zinatoka wapi? Asistanti ambaye mshahara wake unachelewa anazirudisha kwa kupandisha bei ya silabasi, yale maandishi ya somo anayowauzia wanafunzi, na mwanafunzi asiyenunua silabasi anajua kitakachompata kwenye mtihani. Mzazi anayeuza makaa katika soko la Kenya, hapa hapa mjini, ndiye anayelipia nukuu za watu, naye hajui. Andikeni habari hiyo. Chunguzeni bei ya silabasi chuo kwa chuo, mliulize kila jarida linalodai dola makala hizo zinasomwa na nani.

Kuhusu mzee wetu, naomba jambo moja. Kabla ya kuchapa namba ya mwanahisabati yeyote, mwandishi wenu akae naye saa mbili mbele ya ubao, aelezwe theorema moja, yaani kauli ya hisabati iliyothibitishwa, tangu mwanzo, aulize pale asipoelewa, kisha aichape theorema hiyo kwa maneno mepesi pembeni ya namba. Mzee bado ana nguvu za kusimama ubaoni, na anaeleza vizuri kuliko sisi sote aliotufundisha. Nimeshamuuliza, amekubali. Jumamosi asubuhi darasa langu liko wazi, chaki nitanunua mimi. Mwandishi aje na daftari, simu aizime.

Mwalimu wa hisabati,
Kamalondo, Lubumbashi