Barua ya malalamiko: maika ya bluu mlioniuzia imegeuka kahawia ndani ya sabuni

Kwa uongozi na watu wa huduma kwa wateja,

Yah: Maika ya bluu na ya dhahabu, oda ya mwezi uliopita, naomba hela yangu

Habari za kazi. Sitazunguka sana maana kwenye wasapu tumeshazungushana vya kutosha. Nilinunua kwenu maika, ule unga unaong'aa wa kutia rangi, ya bluu iliyokolea, nusu kilo, na pakiti moja ya dhahabu, na kabla sijalipa nilimuuliza dada yenu anayejibu simu, dada hii naitaka ya sabuni ya kostiki soda, itavumilia? Akanijibu chukua tu mpenzi, hiyo ni kosmetiki gredi, yaani ya vipodozi, inafaa sabuni, lipshaini, aishedo ya kope, losheni, kila kitu. Hilo "kila kitu" bado ninalo kwenye simu na skrinshoti nimeambatanisha.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Kuna hoteli Zanzibar walitaka sabuni zenye mawimbi ya bluu na nyeupe. Nikapiga mafuta ya nazi na mise, yale ya mbegu za chikichi, na kostiki kama siku zote, uji ulipoanza kuwa mzito nikaugawa, upande mmoja nikatia bluu yenu, kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya mafuta, kipimo kilekile ninachotumia kwa rangi zote. Ikatoka nzuri jamani, mpaka mdogo wangu akaipiga picha. Nikafunika. Asubuhi nafunua mawimbi yameshaingia ukijivu, na nilipokuja kukata miche pembeni kote ni kahawia kama kutu ya bati, katikati kijivu, bluu imebaki vidoa vidoa. Hoteli gani itapokea kitu hicho? Na kweli hawakupokea, wamechukua kwa mtu mwingine.

Nikawatumia picha. Jibu la kwanza, utakuwa umezidisha kostiki. La pili, labda maji yako yana chumvi. La tatu ndio lilinichosha, eti maika za asili ndivyo zilivyo. Wakati bechi hiyohiyo upande mweupe umekaa mweupe, na maika ya rangi ya shaba niliyonunua kwingine natumia kila siku haijawahi kuhama. Nikawabana mnitumie karatasi ya kiwanda, mkakaa kimya, mwisho mkanirushia picha ya karatasi iliyokunjamana na ndani yake imeandikwa wazi kabisa, kila kitu na CI yake, ile namba ya kimataifa ya kutambulisha rangi: maika CI 77019, titani dioksaidi CI 77891, feri ferosayanaidi CI 77510. Na chini kiwanda chenyewe kimeonya isitumike kwenye vitu vyenye alkali kali, na kostiki ndiyo alkali kali yenyewe. Yaani onyo mlikuwa nalo dukani muda wote huku mimi naambiwa kostiki yangu imezidi!

Kwa kuwa inaonekana hapo kwenu hakuna anayezisoma hizo karatasi ngoja niwaambie. Kipande cha maika chenyewe hakina rangi ya kusema. Kiwandani kinapakwa utando mwembamba sana wa titani dioksaidi, na unene wa huo utando ndio unaoamua ule mng'ao wa lulu, ukiwa kama nanomita 60 unang'aa fedha, ukinenepa unaenda dhahabu, nyekundu, mpaka bluu na kijani. Lakini maika ya namna hiyo ukiitazama kwenye pakiti ni unga mweupe tu, bluu unaiona ukiugeuza kwenye mwanga. Unga ukiwa bluu kolevu kama huu wenu ujue kuna rangi nyingine imeongezwa juu, na hii yenu ni 77510, bluu ya Prusia. Hiyo ikikutana na kostiki inavunjika, chuma kilichomo kinabaki kahawia, ndio ile kutu niliyoiona. Hapo hata upime kostiki kwa mzani wa dhahabu itageuka tu. Mngeniuzia yenye ultramarini, bluu ya aina nyingine, CI 77007, tusingekuwa tunaandikiana leo, maana ile inaogopa asidi, kostiki haiisumbui.

Na msije mkasema nawachafulia biashara kwa jina la sayanaidi. Najua sayanaidi ya humo imeshikwa na chuma, na hiyohiyo bluu ya Prusia hospitalini ni dawa ya mtu aliyeingiwa na thaliamu, metali yenye sumu, mwilini. Sijasema mmeniuzia sumu. Nasema mmeniuzia kitu bila kuniambia ni nini.

Halafu hilo la lipshaini. Nina dada yangu ananichukulia mzigo anapeleka Houston, na Marekani FDA, wale wasimamizi wa dawa na vipodozi, wanairuhusu 77510 kwenye ngozi na hata kuzunguka macho, ila midomoni hapana. Ultramarini pia midomoni hapana, na zile kijani za kromiamu vilevile. Mabinti wangapi wanaanza biashara ya lipshaini chumbani kwao na wananunua kwenu vipakiti vya gramu 20 vilivyoandikwa "Ocean Blue" basi? Binti huyo TBS, Shirika la Viwango, wakimwuliza viambato atawaandikia nini kwenye lebo, Ocean Blue? Vipodozi vimehamia kwao tangu 2019 na wanataka orodha ya vilivyomo, si jina la baharini.

Dhahabu nayo. Dada yenu alisema ya aishedo. Nikaipaka mkononi inakwaruza, nikaweka lenzi ya simu karibu, nakuta vipande vyenye pembe sita sita vyote vinalingana kama vimekatwa na mashine. Maika haiko hivyo, maika ni magamba yasiyolingana, kila moja na umbo lake. Hizo pembe sita ni gilita ya plastiki mmechanganya au mmechanganyiwa, na mnamwambia mtu apake kwenye kope! Kitu kama hicho kikiingia jichoni kinakwaruza mboni, nani atamlipia hospitali? Kwangu haitumiki na ninairudisha yote.

Kuna na lile bango lenu la "maika safi, haijachimbwa na watoto." Mimi sibishi, naomba tu mniambie imetoka wapi, sababu Jharkhand kule India na kusini mwa Madagaska watoto kuchimba ulanga, ndio maika hiyohiyo, ni jambo linalojulikana na dada yangu wateja wake wanamuuliza. Kama ni ile ya kutengenezwa kiwandani semeni, ingawa karatasi yenu imeandika 77019 na ya kiwandani huwa inaandikwa sintetiki fluoflogopiti.

Ninachotaka ni hiki. Hela ya bluu na ya dhahabu irudi kwenye namba ileile niliyolipia, pamoja na gharama ya mafuta na kostiki ya bechi iliyoharibika, risiti zote nimeambatanisha, na faida ya oda ya hoteli nimewaachia. Pili, kila pakiti muibandike namba za CI na muandike kama inafaa kostiki, midomo au macho, karatasi mnazo, ni kazi ya kuchapisha stika tu. Na huyo dada msimfukuze, hana kosa, mpeni hizo karatasi asome kabla hajajibu wateja.

Nasubiri mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Kukiwa kimya napeleka hii barua na vipakiti vyenyewe TBS, na nakala Tume ya Ushindani, FCC. Mche mmoja wa ile sabuni nimewawekea humu kwenye bahasha, mwuonesheni aliyesema maji yangu yana chumvi.

Mteja wenu,
mtengeneza sabuni, Mbagala