Kwa nini kuhamisha ki ya mpangilio si kazi ya sekunde moja

Sisi tunaandika mipangilio, yaani karatasi zinazoambia kila ala ya bendi ipige nini, na wiki haipiti bila ujumbe wa namna hii: "Habari za kazi. Naomba mpangilio wa bendi kubwa kama ule wa mwimbaji Sinatra, ila mnipandishie kidogo, mimi ni mwanamke." Tukitaja bei na siku, mteja anashangaa. Kompyuta si inahamisha ki, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo umejengwa juu yake, papo hapo?

Inahamisha, tena bila kukosea nota hata moja. Ila kompyuta haipulizi tarumbeta.

Bendi kubwa ya jazi kwa kawaida ina watu 17: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, kisha piano, gita, besi na ngoma. Tuseme wimbo uliandikwa ki ya F kwa mwanaume, na wewe sauti yako inakaa vizuri kwenye B-flati. Ukipandisha kila kitu, tarumbeta ya kwanza, ambayo pale bendi nzima inapolipuka ilikuwa inagusa nota C iliyo juu ya mistari, sasa inadaiwa F iliyo juu yake zaidi. Ile C mpigaji mzuri anaifikia. F ni ya wachache mno, na hata hao hawaipigi mara tano ndani ya wimbo mmoja. Ukishusha badala ya kupandisha, tromboni na saksafoni ya baritoni zinaingia matopeni: sauti zilizopangwa karibu karibu zinageuka mngurumo, na mwimbaji anakosa pa kushika.

Wengine husema, "Basi nusu toni tu, toka E-flati hadi E." Masikio yatakubali. Lakini mpiga saksafoni ya alto, ambaye karatasi yake huandikwa kwa ki tofauti na ile inayosikika, kwenye E-flati alikuwa anasoma C, karatasi safi isiyo na alama hata moja; sasa anasoma flati 5 au shapu 7, yaani alama za kushusha au kupandisha nota. Kwa bendi yenye mazoezi mawili tu kabla ya onyesho, hapo ndipo makosa yanapozaliwa.

Tumejifunza kwa machungu. Miaka yetu ya mwanzo tulimfanyia dada mmoja kazi ya haraka, harusi ikiwa Jumamosi. Tulibonyeza, tukachapa, tukapeleka. Kwenye mazoezi mpiga tarumbeta wa kwanza alipiga, akarudia, kisha akaishusha tarumbeta magotini. Mdomo wa tarumbeta ulikuwa umemchora pete nyekundu midomoni. Akasema kwa upole, "Mwalimu, hapa nafika mara moja. Mara ya tatu sifiki." Usiku ule tulikaa na penseli tukaandika upya sehemu zote za tarumbeta, na dada yule hatukumdai nyongeza. Tangu siku hiyo hatutaji bei kabla ya kukusikia ukiimba.

Mipangilio mnayoipenda iliandikwa kwa mtu mmoja, si kwa yeyote atakayekuja. Nelson Riddle, aliyempangia Sinatra nyimbo, alipiga tromboni kwenye bendi ya Tommy Dorsey, ileile ambayo Frank Sinatra aliiimbia miaka michache kabla yake. Sikiliza "I've Got You Under My Skin", waliyoirekodi Januari 12, 1956. Mwimbaji ananyamaza katikati, tromboni zinaanzia chini na tromboni besi ya George Roberts, zinarudia kipande kilekile huku zikipanda na kuongeza nguvu, hadi Milt Bernhart anachomoka na tromboni yake. Wakati wote huo Sinatra amekaa kimya. Riddle alijua mwimbaji wake atapumua wapi, akaijaza nafasi hiyo, na aliporudi kuimba akampisha. Riddle huyohuyo mwaka 1959 alimpangia mwimbaji Ella Fitzgerald nyimbo zilizotungwa na ndugu wawili Gershwin, na pale unasikia kazi iliyokatwa kwa sauti ya Ella.

Nasi ndivyo tunavyofanya. Saksafoni tunazipanga upya, tukibadilisha nani akae juu na nani akae chini. Kilele cha tarumbeta mara nyingine tunakiacha kwenye ki yake ya zamani: bendi inahama pale mwimbaji anapopumzika, kisha inamrudisha kwenye ki yake kwa mlango mzuri. Hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayokula siku.

Kuhusu fidla: wengi wanataka okestra ya studio, lakini wana wapigaji 4. Fidla 4 haziwi okestra ndogo. Kila mmoja anasikika peke yake. Wapigaji waliokulia kwenye taarabu wamezoea kubeba wimbo pamoja kwa sauti moja, na huo ni utajiri. Kwa watu 4 tunapenda kuutumia, kisha tunaongeza selo moja chini, badala ya kuwagawa sauti nne nyembamba.

Tunakuandikia mpangilio mpya wenye tabia ile. Hatuuzi nakala za kazi ya Riddle wala ya mwingine. Ukitaka kurekodi, ruhusa ya wenye wimbo itafutwe mapema.

Kabla ya kuuliza bei, tutumie sauti uliyojirekodi kwa simu, bila ala yoyote. Imba wimbo mzima mara tatu mfululizo bila kupumzika. Ya kwanza kila mtu anaweza. Sisi ki yako tunaipata kwenye ile ya tatu. Tuambie pia una wapigaji wangapi, na kama kuna mpiga saksafoni anayeshika filimbi au klarineti. Halafu utuandikie jina la mpiga tarumbeta wako wa kwanza, maana naye tutampigia simu.