Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Idara ya Familia: Orodha ya Filamu Haitatulelea Watoto

Mheshimiwa Mchungaji Mkurugenzi,

Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia nikiwa mzazi na mwalimu wa shule ya Jumapili, kuhusu rasimu ya waraka ambayo idara yako imetuletea walimu tuisome kabla haijatangazwa makanisani. Rasimu hiyo inagawa filamu, katuni na tamthilia za familia katika mafungu mawili, zinazofaa na zisizofaa, na inawataka wazazi waifuate orodha hiyo majumbani mwao. Nimeona niandike kwa uwazi kwa kuwa jambo hili linagusa kila nyumba yenye mtoto na skrini, na kwa kuwa walimu wenzangu wengi wanalijadili pembeni bila kukufikishia. Ombi langu ni kwamba orodha hiyo isitangazwe kama ilivyo, na bidii iliyotumika kuitayarisha ielekezwe katika kuwafundisha wazazi na watoto kupambanua.

Siidharau nia ya idara. Kanisa limekuwa na mashaka na maonyesho tangu zamani, na lilikuwa na sababu. Tertuliano wa Karthago, mwandishi wa Kanisa la kale, aliwakataza Wakristo wa siku zake kwenda kwenye viwanja vya michezo vya Warumi, ambako ibada za miungu zilichanganywa na burudani na watu waliuawa ili watazamaji wafurahi. Agostino, askofu wa Kanisa la kale, naye anasimulia habari za rafiki yake Alipio, ambaye wenzake walimkokota hadi kwenye mapambano ya upanga huku yeye ameazimia kufumba macho muda wote. Umati ulipopiga kelele aliyafumbua, na tangu siku hiyo akawa mtumwa wa kitu alichokuwa akikichukia. Kila ninapomsikia mzazi akisema kwamba mwanawe amekwisha kuzoea na hadhuriki, namkumbuka Alipio, kijana aliyejiamini kuliko wengi wetu.

Lakini njia ya orodha nayo imekwisha kujaribiwa, tena na watu waliokuwa na nguvu kutuzidi. Mwaka 1933 Wakatoliki wa Marekani walianzisha chama kilichoitwa Legion of Decency, yaani Jeshi la Adabu, kilichopanga filamu kwa madaraja ya herufi, na waumini kwa mamilioni wakaahidi kutotazama zile zilizolaaniwa. Mwaka uliofuata kampuni za filamu za Hollywood zilianza kuitekeleza kwa ukali kanuni yao ya maadili, iliyodumu hadi mwaka 1968 ilipopokelewa na mfumo wa alama za umri. Orodha za wakati ule zilikuwa na meno kwa sababu filamu zilitengenezwa na kampuni chache na zilionyeshwa katika majumba yenye mlango na mkata tiketi. Leo mtoto ana skrini mkononi, video moja ikiisha nyingine inaanza bila yeye kugusa kitu, na inayofuata huchaguliwa na programu inayohesabu ni kwa muda gani ameendelea kutazama. Orodha yetu itakuwa imechakaa kabla haijamaliza kusomwa kwenye matangazo ya Jumapili.

Upo pia mfano wa Wabaptisti wa Kusini wa Marekani, ambao mkutano wao mkuu ulipitisha azimio la kuisusia kampuni ya Disney mwaka 1997, na wakalifunga suala hilo mwaka 2005. Sitaki kuamua hapa kama walikuwa sahihi. Ninachojiuliza ni hiki: mtoto aliyezaliwa mwaka wa azimio alikuwa na miaka 8 lilipokoma, na katika miaka hiyo yote kususia kwenyewe hakukumfundisha namna ya kutazama chochote, kwa maana kususia huamuliwa na mkutano, ilhali kupambanua hakuna budi kuzoezwa na mtu mwenyewe. Ndivyo anavyosema mwandishi wa Waebrania 5:14, kwamba chakula kigumu ni cha watu wazima, "ambao akili zao, kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya." Akili ambayo kila jambo huamuliwa na waraka haizoezwi.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa zaidi ya rasimu. Vigezo vyake ni vilevile vya alama za umri zinazowekwa na bodi za filamu: damu, matusi, uchi, ulevi. Alama hizo zina faida, nami huziangalia kabla ya kumwashia mtoto filamu. Hata hivyo hazikutungwa ili zipime kile ambacho hadithi inamfundisha mtoto akipende. Katika fungu la zinazofaa nimekuta kipindi cha vichekesho ambacho ndani yake baba ni mjinga kila wiki, mama anamdanganya ili nyumba iende, na mtoto mwenye jeuri ndiye anayepigiwa makofi. Hakuna tusi wala damu, kwa hiyo kimepita. Katika fungu la zisizofaa nimekuta hadithi ya ndugu wawili wanaozika mzazi wao na kujifunza kusameheana, iliyokataliwa kwa sababu kaburi linaonyeshwa na mmoja wao anatukana kwa uchungu. Ningeambiwa nichague ipi nitazame na watoto wangu wa darasa la juu, nisingesita hata kidogo.

Filamu safi ya familia ina mafundisho yake ya dini, hata kama haimtaji Mungu. Fundisho linalorudiwa kuliko yote ni kwamba moyo wako haukosei, kwamba ukiufuata utafika, na kwamba mzazi, mila au jirani anayekuzuia ni kikwazo cha kushindwa kabla ya wimbo wa mwisho. Si uongo mtupu; wako watoto wanaoonewa kweli, na Biblia yenyewe inamsimulia Yusufu aliyechukiwa na kaka zake kwa ndoto zake. Lakini Yeremia 17:9 yasema kwamba "moyo huwa mdanganyifu kuliko vitu vyote," na mtoto aliyekulia kwenye mamia ya hadithi zinazosema kinyume chake atalisikia andiko hilo kama tusi. Yako na mafundisho madogo yanayopita bila kelele: mnene ndiye wa kuchekwa, mwenye kovu ndiye mwovu, na mwema hujulikana mwishoni kwa kupata mali. Kuhusu matangazo ya vitu vya kuchezea yanayopachikwa katikati ya katuni sina la kuongeza, maana kila mzazi anajua kilio kinachofuata.

Suala la uchawi katika hadithi za watoto linahitaji uangalifu wake, na hapa nakubaliana na rasimu zaidi kuliko wenzangu wanavyofikiri. Kumbukumbu la Torati 18 linakataza kupiga ramli na kuloga bila kuacha mwanya. Hata hivyo kuna tofauti kati ya hadithi ambamo miti huongea na hadithi inayomvutia mtoto atafute nguvu za siri ili amtawale mwenzake. Tena kuna tofauti kati ya mtoto na mtoto. Kwa yule ambaye nyumbani kwao hofu ya kulogwa ni jambo la kweli, kichekesho cha mchawi kinaweza kuwa jinamizi, na hapo agizo la Paulo la kutomkwaza mwenye dhamiri dhaifu, katika 1 Wakorintho 8, linamhusu mzazi moja kwa moja. Orodha moja kwa wote haiwezi kumwona mtoto huyo.

Aya mnayoitegemea, Wafilipi 4:8, nami naipenda. Lakini Paulo anaanza na "mambo yo yote yaliyo ya kweli" kabla hajafika kwa yaliyo safi, na rasimu imeanza na usafi na kuishia hapo. Kama tungepima kwa jinsi uovu unavyoonekana tu, kitabu cha Waamuzi kisingepita. Tunakisoma kwa sababu uovu wake unaitwa uovu. Swali la kumuuliza mtoto baada ya filamu ni hilohilo: ubaya uliitwa kwa jina lake, au ulipambwa tukaucheka?

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu wazazi wenyewe wamenipa. Mama anayerudi usiku amechoka hana nafasi ya kukaa na kuchambua katuni. Anataka aambiwe ndiyo au hapana. Hoja hii ni nzito, na ninyi mlio ofisini mmeisikia kuliko mimi. Kwa ajili yake ningekubali orodha fupi ya vipindi vya watoto walio chini ya miaka 7, ambao mara nyingi huchanganya hadithi na mambo halisi, mradi kila jina liwe na sentensi mbili za kueleza kwa nini limewekwa, na tarehe ya kupitiwa upya. Sababu ikiandikwa, mzazi hujifunza. Tukimpa jina peke yake, atarudi kuuliza kesho kipindi kipya kikitoka. Kwa wakubwa zaidi, hasa wanaokaribia ujana, orodha ya makatazo mara nyingi huwa ndiyo orodha ya vitu vya kutafuta.

Naomba basi mambo yafuatayo yafikiriwe na idara. Semina ya wazazi iliyopangwa kuzindua waraka itumike kutazama filamu moja pamoja na kuijadili, watu wasikie mchungaji wao akisema wapi ameguswa na wapi amekataa. Walimu wa shule ya Jumapili tupewe maswali machache ya kutumia darasani: nani anasifiwa katika hadithi hii, nani analipa gharama, msamaha unapatikana vipi, na ungependa kufanana na nani. Waraka utaje pia saa ambazo skrini huzimwa nyumbani, kwa sababu hata filamu njema hula muda wa maombi na mazungumzo. Na uwaambie wazazi, bila kuwaonea haya, kwamba tamthilia wanazotazama wao baada ya watoto kwenda kulala zinahusika, maana mara nyingi watoto hawajalala.

Niko tayari kushika sehemu ya kazi hiyo. Nimeshaandaa mfano wa maelezo ya vipindi vitano, kwa mtindo niliouelezea, na nitauleta ofisini kwako pamoja na nakala ya barua hii. Naomba rasimu irudishwe kwa walimu kwa maoni ya maandishi, na isisomwe makanisani kabla maoni hayo hayajajibiwa.

Wako katika utumishi,

Mwalimu wa shule ya Jumapili na mzazi