Barua ya wazi kwa Waziri wa Uhamiaji wa Kanada: kesi ya mama mdogo iko kwa nani?

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uhamiaji, Wakimbizi na Uraia,
Ottawa, Kanada.

Mheshimiwa Waziri,

Kila Jumapili tukitoka ibadani hapa Edmonton, simu yangu huita. Ni mama mdogo wangu, yuko kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, na kwao wakati huo ni usiku. Siku hizi salamu amezifupisha. Anauliza kuhusu maombi yake ya kuja Kanada kama mkimbizi: "Kesi imefika wapi?" Nami, niliyejaza fomu zote kwa mkono wangu, humrudishia swali: "Kwani huko wamewaambiaje?" Tunanyamaza kidogo, halafu tunahamia habari za mvua.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa wenye kesi hizi, walioko kambi za Nyarugusu, Kakuma (Kenya) na Nakivale (Uganda), nao wana haki ya kusoma kinachoombwa kwa niaba yao. Wewe una wakalimani.

Sisi ni kikundi cha kanisa kinachodhamini wakimbizi waje Kanada. Hatuna mkataba wetu wa udhamini na serikali; tuko chini ya shirika lenye mkataba, na tukishindwa ndilo litakaloulizwa. Tumeahidi kumtunza mama mdogo na watoto wake mwaka mzima tangu watakapotua: pango, chakula, makoti ya baridi, kuwapeleka watoto shule. Fedha zimelala benki. Karatasi za ahadi yetu na fomu za familia zilikwenda pamoja kwenye kituo cha Ottawa. Kabla ya 2012 karatasi za mdhamini zilishughulikiwa na ofisi ya uhamiaji ya eneo lake. Mwaka huo kazi ikakusanywa Winnipeg, baadaye ikahamishiwa Ottawa. Hapo Ottawa hukaguliwa kama sisi wadhamini tunaweza mzigo huu, na kama fomu zimekamilika. Kama mama mdogo ni mkimbizi kweli, huyo wa Ottawa haamui. Anayeamua ni afisa wa viza ng'ambo, baada ya kumwita kwenye intavyu na kumsikiliza. Mambo ya usalama yanachunguzwa pamoja na wakala wa mipaka na idara ya ujasusi. Safari inapangwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ambao pia wana mkono kwenye medikali, yaani vipimo vya afya. Na hayo yote yakikamilika, bado mtu hatoki Tanzania bila kibali cha serikali ya Tanzania. (Ndugu zetu wa Quebec wana ngazi nyingine tena, ya serikali ya jimbo lao. Hiyo nawaachia wenyewe.)

Sipingi kazi kugawanywa. Aliyeketi Ottawa hawezi kumpima ukweli mtu aliyeko Nyarugusu kwa kusoma fomu tu, na sitaki daktari aamue nani ni mkimbizi. Shida yangu iko pale kesi inapotoka meza moja na kabla haijapokelewa meza ya pili. Hapo katikati haina mwenyewe.

Nikupe mfano. Kesi ikiwa inaendelea, mama mdogo alijifungua. Kwa sheria zenu kichanga huyu si jambo dogo: asipotajwa kabla mama yake hajaingia Kanada, anaweza kuja kukosa nafasi ya kuletwa baadaye kama mwanafamilia. Kwa hiyo tulikimbia kutoa taarifa. Lakini kwa nani? Cheti cha kuzaliwa kiko kambini. Ahadi yetu ya udhamini iliandikwa kwa watu wanne, sasa ni watano, maana yake hata hesabu ya fedha inabadilika. Faili limeshavuka bahari. Ofisi moja niliyoiandikia ilinijibu kwamba habari hiyo ipelekwe ofisi nyingine. Ile nyingine ikanijibu kwa ujumbe wa mashine, wa kunishukuru kwa mawasiliano yangu. Mtoto sasa anatembea, na mimi sijui kama jina lake limo.

Halafu kuna suala la muda. Matokeo ya medikali hudumu miezi 12. Uchunguzi wa usalama nao unaenda kwa mwendo wake, na kibali cha kutoka kina ratiba ya serikali nyingine kabisa. Usalama ukichelewa, medikali inaisha, familia inarudishwa kupima upya. Waulize watu wa Nyarugusu, watakutajia majirani waliopima mara ya pili. Ukikagua ofisi moja moja huenda usimkute mwenye kosa hata mmoja.

Haya siyasemi mimi peke yangu. Oktoba 2023 Mkaguzi Mkuu wenu, Karen Hogan, alitoa ripoti kuhusu maombi ya ukaazi wa kudumu. Wakimbizi wanaodhaminiwa na watu binafsi walikuwa wakisubiri wastani wa miezi 30. Ripoti hiyo ikataja ofisi zenu za viza za Dar es Salaam na Roma: wafanyakazi wanakaribiana kwa idadi, lakini Dar es Salaam ilipangiwa maombi mara 5 ya yale ya Roma. Nilirudia kusoma, nikidhani nimekosea. Na kwa wale wanaoletwa na serikali yenyewe, zaidi ya nusu ya maombi ya Wasomali na Wakongomani yalikuwa yamelimbikizwa, wakati kwa Wasyria ilikuwa theluthi moja. Sisemi kuna mtu aliyeamua Mkongomani asubiri zaidi. Nasema mafaili yalipelekwa mahali pasipo na mikono ya kutosha, yakaachwa huko, na kwa kuwa kila ofisi ilikuwa na sehemu yake tu, hakuna aliyelazimika kuona foleni nzima.

Na foleni ilipoonekana, dawa imekuwa kufunga mlango. Mwaka 2012 mashirika yenye mkataba yaliwekewa ukomo wa maombi, na Nairobi ilikuwa miongoni mwa vituo vya viza vilivyopewa kila kimoja ukomo wake. Tarehe 29 Novemba 2024 mkasitisha kupokea maombi mapya ya vikundi vya watu watano na ya wadhamini wa jamii, yaani wadhamini wasio na mkataba na serikali. Wadhamini wakipungua, foleni itapungua, sawa. Lakini mama mdogo alishaingia kwenye foleni zamani.

Tena si kwamba hamwezi. Kati ya Novemba 2015 na mwisho wa Februari 2016 mliwafikisha Kanada Wasyria zaidi ya 25,000. Amman na Beirut mliweka maafisa wa viza, watu wa medikali na wa usalama karibu karibu, familia ikatoka meza hii ikaenda ile. Kazi ilikuwa imegawanywa vilevile. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mtu juu yao aliyeulizwa kila siku: wamefika wangapi?

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kesi iwe na mwenyewe. Si lazima nijue jina lake, dawati linatosha. Kesi ikihama, mdhamini na mkimbizi wote wawili waandikiwe, kwa lugha wanayoisoma: iko ofisi fulani, inasubiri kitu fulani. Tarehe ya kusafiri siiulizi, najua hakuna wa kuniahidi. Pawe na mahali pamoja pa kupeleka habari za kuzaliwa, kifo na ndoa, na anayezipokea ndiye abebe jukumu la kuzifikisha kwingine, asinitume mimi. Medikali isiitishwe kabla ya kuangalia kama usalama umekaribia. Na kama Roma wana nafasi, basi Roma wasome mafaili ya Dar es Salaam. Intavyu itafanyika kambini, naam, lakini kuna kazi nyingi kabla ya intavyu ambayo haihitaji mtu awe Afrika.

Namba ya kesi, pamoja na kibali alichosaini mama mdogo ili nizungumze kwa niaba yake, nimeviambatanisha kwenye nakala niliyokutumia kwa posta. Hapa hadharani sikuviweka. Cheti cha mtoto kimo pia. Ukikipokea, naomba nijulishwe nani sasa anacho.

Wako kwa heshima,
Mdhamini, mzaliwa wa Fizi, Kongo, aliyekulia Nyarugusu
Edmonton, Alberta