Mzee na mashine iliyokufa

Maweni, Malindi

Sahibu yangu,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima. Kusi imeanza kuvuma na samaki wameadimika, lakini hayo utayapata kwa mamako. Mimi nakuandikia habari za Mzee. Ulikaa mwanagenzi wake miaka mitatu, unamjua, kwa hiyo utacheka. Mimi kucheka kulikuwa kumenishinda.

Hajabadilika. Transfoma ya mashine ya kuchomelea vyuma bado anaisuka vile vile: mabati membamba yamepangwa kama chapati, waya wa shaba ameufumua kwenye mota zilizoungua, karatasi ngumu kati ya safu na safu, kisha vanishi. Na zile bakuli mbili zipo. Kila mizunguko kumi, kokwa moja la tende linahama bakuli. Ole wake atakayemsalimia hapo katikati. Juzi muuza mahamri alipiga hodi, Mzee akasahau kama amefika thelathini au arubaini, akafumua safu nzima akaanza upya na bismillahi. Mahamri hayakununuliwa.

Kazi yake sina la kuitoa kasoro. Mashine zake zimo Marereni kwenye mashamba ya chumvi, ambako chuma kinaliwa kama mkate, na zingine zimefika miaka ishirini bila kufunguliwa. Umeme unaingia volti 240, unatoka hata 80 haufiki, lakini ampea zinapanda kupita 100, nazo ndizo zinazoyeyusha chuma. Ila kuihamisha moja wataka watu wawili na mkokoteni. Na akiijaribu jioni taa za majirani zinafifia, Bi Mkubwa anapiga ukelele kwa ajili ya tamthilia yake.

Tatizo ni kwamba mwaka huu tumeuza mbili tu. Vijana wote siku hizi wanatembea na inveta, ile mashine nyepesi ya kuchomelea ya kielektroniki, begani kama mkoba wa shule. Mdogo wangu naye alijinunulia moja Mombasa, kwa pesa ambazo Mzee alikuwa amezitengea shaba. Nyumba haikukalika. Basi miezi minne haikuisha, inveta ikazima katikati ya geti la mteja. Feni yake ilikuwa ikivuta hewa ya bahari pamoja na vumbi la grainda, ndani kote kumeota ukijani. Mzee alishinda siku nzima akipiga mbinja. "Niliwaambia. Hicho kidude hakina moyo."

Mimi nilikuwa nimesoma habari za ukoo mmoja wa Ufini, Kemppi wa mji wa Lahti. Walianza 1949, ndugu kwa ndugu, nao wakatengeneza transfoma za kuchomelea, za chuma na shaba kama za Mzee. Kiwanda mpaka leo ni cha ukoo. Na ni hao hao waliotoa Hilarc 250 mwaka 1977, mashine ya inveta wakati dunia nzima bado inabeba machuma. Yaani hawakungoja mtu wa nje aje aue transfoma yao. (Kuna na Fronius wa Austria, 1945, mwanzo wao chaja za betri. Na Mzee alianza na nini? Chaja za betri za malori.)

Nikamsimulia barazani baada ya Isha, kahawa mkononi. Nilijua atanikatiza. Hakunikatiza. Akauliza moja tu: "Waliipunguzaje?"

Hapo nikajikuta mwalimu wa mwalimu wangu. Nikamwambia, Mzee, umeme wetu huu unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Inveta inaunyoosha kwanza, kisha inaukatakata, za leo zinafika makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ndipo inaupitisha kwenye transfoma. Ukigeuka upesi hivyo, chuma kikubwa cha nini? Ni kama kuteka na kumwaga maji yaliyoingia mashuani: mwenye mkono mzito ataka ndoo, mwenye mkono mwepesi kata ndogo yamtosha, na maji yanatoka yale yale.

"Kwa hiyo transfoma imo ndani?"

"Imo."

Akamaliza kahawa, akaingia kulala bila kuniaga.

Saa nane usiku naamka kunywa maji, naona taa karakana. Mzee ameketi chini kwenye mkeka, miwani puani, ile inveta iliyokufa ameifungua yote na skrubu amezipanga kwenye sinia la Bi Mkubwa. Mkononi ana kitu kidogo, hata andazi lakishinda. Ndiyo ile transfoma, alikuwa ameipata. Moyo wenyewe si mabati, ni donge jeusi kama kaa, na Mzee alikuwa amelikwaruza kwa ukucha na kulinusa. Pembeni, bakuli zile mbili. Alikuwa akifumua waya na kuhesabu.

Nikasimama mlangoni kimya, maana najua sheria.

Alipofika mwisho akainua uso. Kokwa moja tu ndilo lililohama, na mizunguko minane juu yake. Akaitazama ile bakuli muda mrefu, halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa sokoni, "Kumi na nane? Aliyeisuka hata jasho halikumtoka."

Tangu siku hiyo amepaka vanishi bodi mbili mbovu za inveta za mafundi wa Barani, anataka kuona kama chumvi itapenya. Mdogo wangu anamshikia tochi. Hawasemi sana, lakini wanakula sinia moja.

Sasa ombi langu. Ukija Idi, usilete halua. Pita pale kwa wauza vyuma chakavu, ulizia inveta zilizokufa, mbili tatu, za aina yoyote. Nauli ya mzigo nitakurudishia. Na ukifika ukamkuta na bakuli, kaa kwenye benchi, usitoe salamu mpaka akutazame.

Bi Mkubwa anakusalimu, na anauliza sinia lake litarudi lini jikoni.

Wasalaam,
Nduguyo